Bibi wa Katambuga Moja

Sanamu ya mia mbili na kumi na mbili haikuwamo katika orodha ya mtu yeyote. Mzee Kobelo aliipata kwa msaada wa mbuzi.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, pembezoni mwa Kihonda, nyuma ya ghala la zamani lililobaki kuta tupu. Treni ya waya ilipita juu bila kelele, kivuli chake kikakimbia ardhini na kupotea. Mzee Kobelo alikuwa ametoka kumpiga picha simba wa zege wa kwenye mzunguko wa barabara, mara ya tatu sasa, kwa kuwa mara mbili za kwanza hakuridhika na kivuli cha shavu. Alikuwa mtu wa kurudia kazi mpaka ikae sawa. Akamwona mbuzi jike amesimama juu kabisa ya kichaka cha michongoma, ametulia, anacheua.

Mzee akasimama. Katika miaka yake sabini na moja alikwisha kuona mbuzi juu ya mti, juu ya kaburi, na mara moja juu ya gari la mwenyekiti wa mtaa. Lakini mbuzi hasimami juu ya miiba kana kwamba yuko barazani.

"Wewe," alimwambia, "chini yako pana kitu."

Ilimchukua saa nzima kufyeka njia kwa fimbo na kisu cha mfukoni, na miiba ikala haki yake mikononi mwake. Ndani ya kichaka alikaa bibi wa zege. Amekalia karai lililopinduliwa, lile la kubebea zege, na kichwani amevikwa kikapu kilichopinduliwa vilevile, nacho ndicho kilichokuwa baraza la mbuzi. Mashavu yamejaa, mdomo wazi, kidole cha shahada kimeinuliwa, kama mtu aliyekatizwa katikati ya kugomba. Mguu wa kulia umevaa katambuga, ile ndara ya kukata kwenye tairi la gari. Mguu wa kushoto mtupu, vidole vimetawanyika kana kwamba vinapapasa udongo.

Mzee Kobelo akacheka peke yake mpaka mbuzi akashuka na kuondoka.

Miaka miwili alikuwa akiuzunguka mji wa Morogoro kwa niaba ya Daftari la Sanamu, akitafuta kila kilichochongwa, kilichomiminwa na kilichofinyangwa kikasimamishwa mbele ya macho ya watu. Aliwajua wote kama majirani. Mama wa mtungi pale stendi, ambaye nyuki walihamia ndani ya mtungi wake. Mcheza mpira aliyeibiwa mpira. Tembo wa hoteli iliyofungwa, mwenye sikio moja. Baadhi yao aliwaheshimu, wengine walimtia huzuni. Hakuna aliyewahi kumchekesha.

Akatoa leso, akamfuta bibi macho. Kisha akaifunga kamera kwenye mguu wake wa chuma na kuanza mizunguko saba, hatua kwa hatua, kila hatua picha moja, bila kukohoa wala kuburuta kiatu. Kusoma alijifunza akiwa na miaka thelathini, katika darasa la jioni. Kupiga picha alijifunza akiwa na sitini na nne, katika darasa jingine la jioni. Alizoea kusema kwamba wenzake walipata akili asubuhi na yeye akapata masalia, lakini masalia yaliyopikwa vizuri hushibisha.

Alipomaliza mzunguko wa saba aliinamisha kichwa kidogo mbele ya yule bibi. Hakujua kwa nini. Alimshukuru kwa kuonekana.

*

Kamera ile iliitwa Sikivu, na haikupiga picha ya uso tu.

Zege likiwa bichi, chembe zake huwa bado zinatafuta mahali pa kulala. Sauti ikipita huzisogeza, unene wa unywele uliopasuliwa mara elfu, kila neno na msukumo wake. Likishika, chembe hulala vilevile zilivyosukumwa, na hapo hubaki. Sikivu hupenyeza mwale, husoma chembe baada ya chembe, na mwisho hutoa picha mbili: ya umbo, nje na ndani, na ya maneno yaliyosemwa karibu na zege kabla halijakauka. Mtu aliyemimina nguzo miaka themanini iliyopita huku akimsengenya mkwewe, wajukuu wa mkwe wangeweza leo kuyasikia.

Kwa ajili hiyo mji ulikuwa umetunga sheria, nayo haikutungwa kwa upuuzi. Mwaka uliotangulia Mzee Kobelo mwenyewe alimpiga picha bwana mmoja wa zege aliyesimama kwenye bustani, tajiri wa mashamba, mkono umenyooshwa kama anayegawa baraka. Ndani ya msingi wake mlikutwa vilio vya wafungwa waliochapwa ili kazi iishe kabla ya sherehe. Alivunjwa wiki ileile, akawa kokoto za tuta la reli. Mzee alikwenda kutazama, na alipoona ule mkono unaanguka alisema alhamdulillah kwa sauti.

Kwa sheria hiyo kila sanamu ilipita kwanza kwa Mpimaji, mashine iliyokaa mezani kwa Hidaya Pazi, fundi wa sauti wa Daftari. Ilisikiliza na kuwasha taa. Kijani, sanamu inabaki. Nyekundu, imejengwa kwa chuki au mateso, Baraza la mji linakaa na inakwenda kokoto.

Hidaya alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwepesi wa mikono, mzito wa kusifu.

"Umbo zuri," alisema akiigeuza picha hewani mbele yao. "Ona hapa, mzee wangu. Ndani ya karai kuna kitu si zege. Chembamba, kirefu, kama jani la mgomba lililokatwa."

"Mfuko wa saruji umesahauliwa humo?"

"Labda. Haya, tumsikilize."

Kwanza kukatoka makoleo yakikwangua, maji yakimwagwa, vicheko vya wanaume wanne au watano. Kisha sauti moja nzito, ya mtu aliyezoea kuamuru:

"Shika hapo kichwa chake. Kikapu mpindulie, ndivyo alivyo, kichwani hamna kitu. Nyamizi, leo umepatikana. Kaa hapo, mtumwa wangu. Ulidhani ukifa utapumzika? Huendi popote. Utakaa juani mpaka mwisho wa dunia, mtumwa wangu wewe, na kiatu sikupi."

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mfinye shavu, Fundi Kondo, mfinye, alikuwa mchoyo wa mboga."

Taa ya Mpimaji ikawaka nyekundu, na chini yake maandishi: *kumiliki mtu, kumdhihaki maiti, kicheko cha kundi.*

Hidaya alizima sauti.

"Amemwita mtumwa mara mbili," alisema.

Mzee Kobelo aliinamia picha. Alikuwa akikitazama kile kidole cha shahada. Ndani ya kile kichaka bibi alikuwa salama na mbuzi wake. Yeye ndiye aliyefyeka. Yeye ndiye aliyempeleka mahakamani kwa mguu wa chuma na mizunguko saba.

"Baraza litakaa lini?"

"Ijumaa. Litakwenda pale alipo, kama kawaida, na mashine ya kuvunja itakuwa imepaki pembeni." Hidaya alishusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Mzee, unajua naweza kukata. Sekunde arobaini tu. Yanabaki makoleo na maji. Taa inakuwa kijani, bibi anabaki, na hakuna atakayejua."

"Wewe si umechukia yale maneno?"

"Nimeyachukia. Lakini nimekuona unavyomtazama."

Mzee akavuta kiti akakaa. Moyo wake ulisema kata, na ulisema kwa sauti kubwa.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema.

*

Kesho yake asubuhi alirudi Kihonda, na Hidaya akafuatana naye, kwa kuwa mzee alikuwa amekumbuka jambo akiwa njiani kurudi nyumbani na jambo lenyewe lilihitaji fundi wa sauti.

Kwenye kichaka walimkuta mwanamke wa miaka sitini hivi, kitenge kimefungwa kifuani, panga mkononi, anakusanya matawi yaliyofyekwa na kuyarudishia mahali pake. Mbuzi alikuwa kando yake.

"Shikamoo," alisema yule mwanamke, na shikamoo yake ilitoka kama maji machafu yanayotupwa nje.

"Marahaba, mama. Mimi naitwa Kobelo, wa Daftari la Sanamu. Huyu ni mwenzangu, Hidaya Pazi."

"Ndiwe uliyefyeka?"

"Ndimi."

"Mama yangu alipanda michongoma hii kwa mikono yake walipoanza kuvunja vunja. Miaka ishirini bibi yangu amekaa humu, hakuna aliyemwona. Ukaja wewe, na mbuzi wangu akawa shahidi." Alimgeukia mbuzi. "Nawe utajua mchuzi ni nini."

Jina lake lilikuwa Kalunde. Mzee Kobelo alimwomba radhi kwa kuinama, kama anavyoinama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe. Halafu akamweleza yote, kwa kuwa hakupenda mtu asikie habari za bibi yake mara ya kwanza mbele ya Baraza. Alimwambia kuhusu taa. Akamwambia kuna maneno, na si mazuri.

"Niyasikie."

"Mama, yanaumiza."

"Ni bibi yangu. Niyasikie."

Hidaya aliyafungua. Makoleo, maji, vicheko, halafu Fundi Kondo: *kaa hapo, mtumwa wangu.* Mzee Kobelo alitazama chini. Aliposikia sauti ya ajabu alidhani mama wa watu amelia, akainua uso. Kalunde alikuwa ameangusha panga, ameshika tumbo, na taratibu akashuka mpaka akakaa kwenye udongo, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Mzaramo," alisema alipopata pumzi. "Huyo ni Kondo Mzaramo. Wee Kondo. Hata kwenye zege hanyamazi."

Hidaya alimtazama mzee, mzee akamtazama Hidaya.

"Ninyi watu wa mashine hamjui utani?" Kalunde alijifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu walipokuwa wanateremka na mizigo kwenda pwani. Mtani wako ndiye anayekuita mtumwa wake, nawe unamwita wako. Ukifiwa, ndiye anayekuja kuchimba kaburi, ndiye anayejilaza kaburini asitoke mpaka apewe kitu, ndiye anayewachekesha wafiwa wasife na wao. Asiyetukanwa na mtani msibani kwake, huyo hakuwa na watu."

Mzee Kobelo alijipiga kofi la paja. Yeye alikuwa Mluguru, na kwao pia watani walikuwapo. Babake alipozikwa watani walikuja wamevaa kanzu za marehemu, wakatembea kwa mwendo wake, wakakohoa kikohozi chake, mpaka mjane akatabasamu. Alikuwa na miaka tisa. Vipi aliyaona mambo hayo kwa macho yake, kisha akayasahau mbele ya taa nyekundu?

"Na kiatu?" aliuliza Hidaya.

Kalunde aliinuka, akaingia nyumbani kwake hatua thelathini kutoka pale, akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye kutu. Ndani yake, juu ya kipande cha kanga, ililala katambuga moja ya mguu wa kulia, imekauka na kukunjamana, misumari sita kisiginoni.

"Siku ya msiba Kondo aliiba ya kushoto. Akasema hairudishi mpaka apewe jogoo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi, akamnyima. Kondo akaapa kwamba basi atamkalisha bibi juu ya kiatu chake mwenyewe. Tukadhani maneno."

Hidaya alifungua ile picha ya ndani ya karai. Lile jani la mgomba lilikuwa na misumari sita.

*

Jambo alilolikumbuka mzee njiani lilikuwa hili. Ujanani, kabla ya gereji, alifanya kazi ya saidia fundi, na alijua kwamba sanamu ya zege haiishi siku inapomiminwa. Siku ya pili huja niru, saruji tupu iliyokorogwa kama uji, ya kusiliba uso na kuulainisha. Niru haipigi kibarua. Huipiga fundi mwenyewe, peke yake, wenzake wakiwa wameshapewa ruhusa ya kuondoka, maana mkono wa mtu mwingine huharibu.

"Sikivu inaisoma niru?" aliuliza.

"Hapana. Ni nyembamba kama ganda la yai. Tumeifundisha iiruke, kama unavyoruka vumbi la juu ya meza."

"Ifundishe isiiruke."

Hidaya alihangaika na vitufe mpaka jua likapanda utosini. Kamera ikawekwa karibu na shavu la bibi, karibu kama mtu anayenong'ona. Sauti iliyotoka ilikuwa dhaifu, ikikatika kila mwiko ulipopita, lakini ilikuwa ileile nzito, ila amri zilikuwa zimeisha ndani yake.

"Wameondoka, Nyamizi. Tumebaki mimi na wewe." Mwiko ukapita. "Sikiliza. Mfuko huu hapa. Sa-ru-ji. Ki-lo ha-m-si-ni. Umesikia? Ngoja. U-si-tu-mi-e ku-la-bu. Hi-fa-dhi ma-ha-li... ma-ha-li pa-ka-vu." Mfuko ukageuzwa, ukakwaruza. "Mfuko mzima, upande wa mbele na wa nyuma. Miaka thelathini nilifungua mifuko hii nisijue inasema nini. Ukanikalisha hapa ghalani jioni ukanifundisha herufi, umekalia karai lako, na kidole chako hicho, nikiwa na wajukuu, na hukunicheka. Ulinitukana tu." Mwiko ukapita tena, taratibu. "Ahsante, mtumwa wangu. Haya, geuza shavu."

Mbuzi alikuwa anakula karatasi.

Kalunde aligusa shavu la bibi. "Hakutuambia," alisema. "Kondo alikufa hakutuambia. Sisi tulijua anamcheka tu."

Mzee Kobelo aligeuka akatazama ghala, kwa kuwa hakutaka wanawake wamwone macho. Yeye darasa lake lilikuwa gereji, na mwalimu wake Fortunata, mama mwembamba aliyekuwa akiwafundisha makanika kusoma vibandiko vya magari wanayotengeneza. Sentensi yake ya kwanza maishani ilikuwa kwenye kifuniko cha rejeta: *Usifungue injini ikiwa moto.* Aliisoma, akaruka kama mtoto. Halafu akafaulu, akahama mtaa, mwalimu akafa. Hakuwahi kumrudia hata siku moja kumwambia neno.

"Basi imekwisha," alisema Hidaya, amefurahi. "Ijumaa nawapa niru peke yake. Yale ya mwanzo nayakata, na lile neno la mwisho nalifuta. Taa kijani."

"Kata," alisema Kalunde upesi. "Watu wa Baraza wamekulia kwenye maghorofa, utani hawaujui. Mimi sitaki kesi, namtaka bibi yangu. Kata, mwanangu."

Wote wawili wakamtazama mzee, kwa sababu picha haiingii daftarini bila sahihi ya aliyeipiga.

Mzee alikaa juu ya jiwe.

"Mama Kalunde," alisema, "mwaka jana nilipiga picha ya bwana mmoja, ndani yake mna watu wanalia. Watoto wake walikuja kwangu. Watu wazuri, wenye adabu. Wakaniomba nikate, wakasema yaliyopita si ndwele. Nikakataa, nikawaambia picha nzima au hakuna picha. Leo nikikata tusi la mtu aliyempenda bibi yako, kesho mwenzangu atakata kilio cha mfungwa, na atasema Kobelo alianza."

"Huyo alikuwa mshenzi. Bibi yangu si mshenzi."

"Najua. Lakini mkasi haujui." Akaelekeza mkono kwa bibi. "Halafu angalia. Ukiliondoa lile neno, Kondo anabaki mgeni anayetoa ahsante. Mgeni yeyote hutoa ahsante. Neno lile ndilo linalosema walikuwa nani."

"Na wakimvunja?"

"Nitakuwa nimekukosea sana. Na sitamtuma mtu. Nitakuja mwenyewe kukwambia, na utanitukana utakavyo, ingawa mimi si mtani wako."

Kalunde alilifunga kopo lake. Aliingia ndani, mlango ukafungwa.

*

Ijumaa mawingu yalishuka kutoka milima ya Uluguru na kukaa juu ya Kihonda kama blanketi lililolowa. Baraza lilikuja watu watano, mbele yao Mwenyekiti, Bi. Tekla Mbilinyi, mwanamke mrefu aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Mpimaji aliwekwa juu ya meza ya kukunja, mbele ya sanamu. Mashine ya kuvunja ilisimama upande wa ghala, dereva wake anakula muhindi.

Kalunde alikuja, amevaa vizuri, kopo kwapani. Hakumsalimia mzee.

Picha ilichezwa yote, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na niru. Taa ikawaka nyekundu, kama ilivyojulikana itawaka. Mwenyekiti alisoma maandishi, akainua uso.

"Mzee Kobelo, niru tumeisikia, na imetugusa. Kwa nini hukutuletea hiyo peke yake?"

"Kwa sababu haikuwa peke yake, Mheshimiwa."

Kisha alieleza utani, kwa maneno machache, jinsi alivyoelezwa na jinsi alivyokumbuka. Kalunde alifungua kopo. Katambuga ikawekwa mezani kando ya picha ya karai, misumari sita kwa misumari sita. Wajumbe wakasogea, wakatazama, wakarudi kwenye viti.

Bi. Tekla alifikiri. "Swali langu ni moja," alisema. "Kila mtesaji hudai alikuwa anatania. Hata yule wa bustanini, wangemuuliza, angesema hivyo. Nitajuaje tofauti?"

Tone la mvua lilianguka kwenye mkono wa Mzee Kobelo.

"Mimi nitakwambia," alisema Kalunde. "Mtumwa hajibu. Mtani hujibu."

"Bibi yako alikuwa amekufa. Hakujibu."

"Ndiyo maana aliacha watu." Kalunde akamgeukia Hidaya. "Wewe binti, kwenu wapi?"

"Kisarawe," alisema Hidaya, ameshtuka. "Mzaramo. Lakini mimi nimezaliwa hapahapa, mambo hayo sikufundishwa."

"Pazi wa Kisarawe. Tangu siku ile nilipokuona najiuliza huu uvivu nimeuona wapi." Kalunde alimsogelea, kidole cha shahada kimeinuliwa, na watu wote wakaona kidole kile wameshakiona kwenye zege. "Mtumwa wangu, rudisha kiatu cha bibi yangu. Wezi wakubwa ninyi. Tuliwabebea pembe za ndovu mpaka mlangoni kwenu, mkashindwa hata kutupa maji, mkatuibia viatu. Rudisha, kabla sijakuuza kwa kilo ya dagaa."

Taa ya Mpimaji ikawaka nyekundu.

Hidaya alimtazama Kalunde. Alitazama taa yake, aliyoitunza miaka sita na kuifuta vumbi kila asubuhi. Kitu kilipita usoni mwake, labda bibi yake mzaa mama, labda msiba fulani wa utotoni.

"Kiatu?" alisema. "Mnyamwezi na kiatu wapi na wapi? Miguu yenu imezoea mizigo. Mtumwa wangu, jogoo yuko wapi? Miaka yote hii tunamngoja jogoo. Mmemla, si ndiyo? Na... na ulivyo mnene, naona ulimla peke yako."

Nyekundu, nyekundu zaidi, maandishi yakafuatana mpaka yakajaza kioo. *Kumiliki mtu. Tishio la kuuza. Kudhalilisha mwili.* Na mbele ya taa hiyo wanawake wawili walikuwa wameshikana mabega, wanacheka mpaka mmoja anamzuia mwingine asianguke. Dereva wa mashine ya kuvunja aliacha muhindi, akapiga makofi. "Huyo Mzaramo kapatikana," alisema.

Bi. Tekla Mbilinyi alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. Alitazama taa. Alitazama wale wanawake. Kisha akanyoosha mkono na kuigeuza mashine, uso wake ukaelekea ukuta.

"Sheria inasema Mpimaji hushauri na Baraza huamua," alisema. "Nimekaa kiti hiki miaka minne, naona leo ndiyo mara ya kwanza tunaamua." Akawatazama wajumbe, mmoja mmoja, wakatikisa vichwa kukubali. "Anabaki. Na anaandikwa na maneno yake yote."

Ndipo mvua ikashuka. Wajumbe walikimbilia ukutani mwa ghala, meza ikakunjwa, mtu akambeba Mpimaji chini ya koti. Mzee Kobelo alifungua mwavuli wake mkubwa mweusi, ule wa kumkingia Sikivu, akatazama kamera iliyokuwa tayari ndani ya mfuko wake, kisha akasogea akausimamisha mwavuli juu ya kikapu cha bibi. Yeye alibaki nje.

"Mzee, unalowa," aliita Bi. Tekla.

"Nimesoma mfuko, Mheshimiwa. Mahali pakavu."

Kalunde alitoka mbio kutoka ukutani, akaingia chini ya mwavuli, akakishika kile kipini pamoja naye.

"Shikamoo, mzee," alisema. Safari hii ilikuwa shikamoo ya kweli.

*

Kabla ya mwezi kuisha mji ulitoa mabati na saruji ya nguzo nne, za banda la kumkinga bibi. Fundi aliyekuja alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka, aliyechanganya zege vizuri na kumimina nguzo ya mwisho saa nne asubuhi, upande wa mguu mtupu wa bibi. Kalunde alikuwa ameleta uji. Hidaya alikuwa ameleta jogoo, mzima, amefungwa miguu kwa kamba, na walikuwa bado wanabishana nani anamdai nani.

"Nipishe dakika mbili, fundi," alisema Mzee Kobelo.

"Mzee, litashika."

"Ndiyo nataka lishike."

Alipiga magoti polepole, goti moja kisha jingine, akaweka mkono kwenye ubao wa nguzo. Zege lilikuwa bado na ubaridi wa maji. Akasogeza mdomo karibu.

"Mwalimu Fortunata," alisema. "Mimi Kobelo, wa gereji. Sikiliza. U-si-fu-ngu-e. I-nji-ni. I-ki-wa. Mo-to."

Akapigapiga ubao taratibu.

"Ahsante, mwalimu."

Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akampisha fundi aendelee na kazi.